Kupima Upepo kwa Udi

Mihimili tuliinunua kwa kilo, kama nyama.
Yeri wa vyuma chakavu aliiweka mzanini mmoja mmoja
pale kiwanda cha pamba kilipobomolewa,
akasema, Dada, hii si ya nyumba, hii ni ya winchi.
Nikamwambia, pima.

Wa tatu ulikuwa na maandishi ya rangi nyeupe:
MWISHO TANI MBILI.
Ile M yenye mguu mmoja mfupi naijua.
Ndiyo iliyoanza jina langu kwenye daftari la darasa la kwanza.
Miaka kumi na tisa Baba alirudi kutoka pale
na pamba kwenye nyusi.
Sikumwambia Yeri. Angepandisha bei.

Mchoro niliuchora nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita:
ukuta wa kusini wa matumbawe, unene dhiraa moja,
mawe ya nyumba ya mjomba iliyoangushwa Shela,
bado yana chokaa ya harusi tatu;
mabati ya kiwanda, na makuti juu ya mabati,
katikati nafasi ya kupita paka na upepo;
sakafu ya saruji tupu, imesuguliwa mpaka ikaona haya.
Milango ilitoka hoteli iliyofungwa, kule ufukweni.
Wangu umebaki na namba yake, 114.
Wa Mama ni 209, ingawa nyumba haina ghorofa.
Mama akauliza asubuhi funguo anamrudishia nani.

Bi Tima wa nyumba ya pili akatuma ujumbe kwa simu,
naye hawezi kutania bila vina:

    Kwenu mmejenga nini, gereji au bohari?
    Kutu i juu darini, yadondokea sukari,
    Nikija nikae ndani, au nilete magari?
    Nijibu wangu jirani, nibishe hodi kwa heri?

Nilicheka mpaka Februari.

Februari nyumba ikawa tanuri la mkate.
Fundi Nzaro alisimama katikati ya sebule, shati limemganda,
akasema kwa sauti ya daktari mwenye habari mbaya:
Feni mbili tu, dada. Na ile mashine ya ukutani.
Mimi nilikuwa nimehesabu kila kitu.
Madirisha yote makubwa yalitazama kaskazi,
na kaskazi ilikuwa nje, naiona kwenye kanga za Bi Tima
zikipigana kambani,
lakini ndani hata utando wa buibui haukutikisika.

Mama hakusema neno. Alileta chetezo,
akatia udi kidogo, ule wa wageni,
akazunguka chumba hata chumba kama anayefukiza nguo.
Mlangoni moshi uliinama. Dirishani ukasita.
Sebuleni ukapanda, ukafika chini ya bati,
ukatanda pale, ukakaa.

"Huyu upepo mmemkaribisha," akasema,
"lakini hamkumwonyesha pa kutokea.
Nani anaingia nyumba ya namna hiyo?"

Tukaamua kutoboa juu, ukuta wa kusini.
Nzaro akawasha msumeno wa chuma:
mhimili wa tatu ulikuwa njiani.
Mama akasema ngoja, akapanda kigoda
aone ni chuma gani hicho kinachozuia watu kupumua.
Akasoma.
Akapitisha kidole kwenye ule mguu mfupi wa M,
polepole, kama anayeupima mwiko kama umeiva ugali.
Cheche za msumeno zilikuwa zimezimika zamani
alipoteremka.

"Toboa pembeni yake," akasema.

Kwa hiyo tundu letu limekaa upande.
Mwenye jicho la ufundi huliona kabla hajavua viatu,
na mimi simwelezi.
Mchana huu nimetia udi tena:
umeingia 114, umekata sebule, umepanda,
umepita chini ya tani mbili,
ukatoka zake kwa Bi Tima.

Kuhusu sukari alisema kweli.
Tunaifunika.